Siku Mjomba Alipompiga Mtani Wake

Wiki iliyopita nilikwenda kuangalia nyumba ya kupanga. Dalali alipofungua mlango tu, harufu ya popo ikanipiga usoni. Wenye kuijua wanaijua: mkojo, vumbi la zamani, na kitu kilichooza kidogo huko darini. Dalali akaanza kujitetea, oo mama, hawa tutawafukuza, matundu yatazibwa kabla hujahamia. Mimi nilikuwa nimesimama pale mlangoni nacheka peke yangu, kisha nikaona machozi yananitoka, na yule kijana akaamua moyoni kwamba hana mteja.

Hakujua amenirudisha Morogoro, kwenye Ukumbi wa Bondwa, ambao popo wake walikuwa wengi kuliko watazamaji.

Ukumbi ule alikuwa ameujenga Mhindi mmoja wa biashara ya katani, zamani za Mwingereza. Aliweka jukwaa la mbao za mvule na pazia jekundu la mahameli, na mbele akapanga viti vya wakubwa. Baadaye jengo likataifishwa, likaangukia mikononi mwa halmashauri. Sisi tuliozaliwa nyuma tulikuta pazia limegeuka rangi ya kahawa na viti vya wakubwa vimebaki miguu. Mabenchi yaliyokuwamo waliyaunda wenyewe wasanii wa kikundi cha maigizo. Mvua iliposhuka kutoka milimani, nayo kwetu ikishuka haibishi hodi, paa lilivuja hadi waigizaji wakawa wanazungumza huku wanakwepa matone. Tuliona ni sehemu ya mchezo.

Kiongozi wa kikundi hicho alikuwa Mjomba Mloka, kaka yake mama. Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo mjomba ndiye aliyekuwa na sauti juu yangu kuliko baba yangu mzazi. Fimbo yake ilikuwa halali, na hakuiacha ioze. Alinichapa kwa kuchelewa kutoka kisimani, alinichapa kwa kumjibu mama, na siku moja alinichapa kwa kucheka msibani. Mama alizoea kusema "hasira hasara", lakini alisema akiwa mbali kidogo, maana hasira hiyo ilikuwa ya ukoo na yeye mwenyewe alikuwa nayo. Mimi pia ninayo. Waume wawili wanaweza kutoa ushahidi.

Mtu mmoja tu duniani ndiye aliyeweza kumtukana mjomba na kubaki mzima. Huyo alikuwa Mzee Maganga, Mnyamwezi aliyekuja ujanani kukata mkonge kwenye mashamba, mkonge ulipokosa bei akakaa kushona viatu kwenye ngazi za ukumbi. Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu enzi za misafara iliyokuwa ikipita kwetu kwenda pwani. Mtani wako anaweza kuingia kwako akafunua sufuria, akala, akakuita mbwa, nawe ukamshukuru kwa kukutembelea. Mjomba na Mzee Maganga walikuwa wameufanya utani huo kuwa kazi. Kila Jumamosi alasiri, kabla ya mchezo wenyewe kuanza, wawili hao walipanda jukwaani kutukanana.

"Mtumwa wangu hujafa tu?" mjomba alikuwa akianza.

"Nife nimwachie nani deni la babu yako?" Maganga alikuwa akijibu. "Tulimnunua kwa kibaba cha chumvi, na chumvi yenyewe ilikuwa na mchanga!"

Waliendelea hivyo mpaka wakafika kupigana, na hapo ndipo sisi watoto tulipokuwa tukipasubiri. Mjomba alikuwa na kofi moja refu, lililoanzia karibu na kisigino. Maganga aliruka, akageuka, akaanguka chali na mbao za jukwaa zikalia. Nilikuwa najua siri yake, maana nilikaa mbele kabisa ubavuni: mkono wa mjomba ulipita hewani, na mlio wa kofi ulitoka kwenye paja la Maganga mwenyewe, alilolipiga kwa kiganja chake wakati anageuka. Hawakuwahi kukosea. Mama aliniambia watu wazima walikuja kwa ajili ya dakika zile. Mchezo wa baadaye, wa kufundisha uzazi wa majira au kuchemsha maji, waliuvumilia tu.

Halafu ikaja ruksa, enzi za biashara kufunguliwa. Wakubwa mnakumbuka, vijana mnasikia. Sabuni ikarudi madukani, mitumba ikamwagwa sokoni, na kiwanda alichofanyia kazi mjomba kikaanza kupunguza watu, naye akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Nyuma ya soko vikaota vibanda vya video, vya maturubai meusi, ambamo Wachina walirushiana mateke tangu asubuhi hadi magharibi. Jumamosi yetu ikaanza kukauka. Mji nao ukawa mkali kwa namna ambayo sikuwa nimeizoea. Mgambo waliwakimbiza akina mama walioteremka na ndizi na mboga kutoka Matombo na Kinole, wakipiga mateke matenga yao. Nilimwona mwizi wa ndoo akipigwa mawe karibu na stendi hadi akaacha kujikunja. Nikaenda nyumbani nikala ugali wangu wote. Mtoto anazoea upesi sana.

Kisha habari ikaenea kwamba tajiri mmoja wa mitumba anautaka ukumbi uwe ghala lake la marobota. Halmashauri ilikuwa na fungu dogo la fedha, na fungu hilo lilikuwa na njia mbili: ama liezeke paa la Bondwa, ama lichimbe mtaro wa maji machafu pembeni mwa soko. Likienda kwenye mtaro, ukumbi unauzwa. Madiwani, kwa kuogopa lawama, wakaitisha mkutano wa hadhara ili wananchi waseme wenyewe, na mkutano ukawekwa mle mle ukumbini.

Mjomba hakulala wiki nzima. Kazi ilikuwa imekwenda, mke wa kwanza alikuwa ameondoka, na kijijini shamba lilikuwa la dada zake. Ukumbi ndio ulikuwa umebaki. Alifua shati lake jeupe, akalipiga pasi ya mkaa mara mbili, na asubuhi ya mkutano akanikataza nisimguse.

Ukumbi ulijaa kama zamani. Madiwani walipanga meza jukwaani, na mwenyekiti alikuwa na kengele ya shaba yenye mpini, kama za shule, ya kunyamazishia watu. Upande wa kushoto walikaa watu wa soko. Upande wa kulia, Wanyamwezi wa makambi ya mkonge, ndugu zake Maganga, waliokuja kuutetea ukumbi. Nyuma walisimama mgambo na virungu vyao. Mimi nilikaa mbele na mama.

Aliyeanza kutuumiza alikuwa Mama Chausiku, muuza mchicha. Alisimama, hakupaza sauti.

"Mimi masika yaliyopita nimezika mtoto. Kuhara. Maji machafu ya soko yanapita chini ya meza yangu, mnayaona, mnaziba pua, mnanunua mchicha. Sasa nyie mnataka paa la kuchezea ngoma?"

Upande wa soko ukanguruma. Mtu akarusha ganda la ndizi. Kijana wa kikundi akajibu kwa tusi, mwingine akamkunja shati, na mwenyekiti akatikisa kengele hadi masikio yakatuuma. Mgambo wakasogea. Nakumbuka mama alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu, nikabaki na alama za kucha zake.

Ndipo mjomba akapanda jukwaani. Nilitegemea awake moto, lakini alimgeukia Mama Chausiku kwa upole.

"Dada yangu, pole. Sina neno la kukushinda wewe. Nakuuliza moja tu. Habari ya kuchemsha maji, ulisikia wapi mara ya kwanza?"

Mama Chausiku akasema, "Hapa."

"Hapa. Mimi niliigiza mgonjwa, nimelala pale, na nyie mkanicheka. Basi mtaro na ukumbi si maadui. Tupeni mabati tu. Mtaro tutauchimba sisi, kikundi kizima, kwa mikono yetu, bila ujira, na jembe la kwanza nitalipiga mimi."

"Utakuja kweli?"

"Nisipokuja, njoo unifungie ukumbi kwa mikono yako."

"Haya," akasema yule mama. "Njoo na jembe kali. Pale pana mawe."

Watu wakacheka, kicheko cha kushusha pumzi. Hata wa sokoni walicheka. Mwenyekiti akaegemea kiti, akawanong'oneza wenzake, wakaitikia kwa vichwa. Akasema sasa tutanyoosha mikono. Mjomba alikuwa bado amesimama kando ya meza, na nikamwona anafumba macho. Ukumbi ulikuwa umepona.

Hapo mlango wa nyuma ya jukwaa ukafunguka, akatokea Mzee Maganga.

Alikuwa amejifunga kanga ya mkewe, amejipaka majivu usoni, kwapani ana mkeka uliochakaa, analia kwa sauti ya mwanamke. Kila mtu mle ndani alijua maana yake. Hivyo ndivyo mtani anavyoingia msibani: anamwigiza marehemu, anawasimanga wafiwa, anajilaza mahali pa maiti na kukataa kuinuka mpaka wafiwa watoe chochote. Bila yeye msiba haukamiliki.

"Mama yangu Bondwa!" akalia. "Umekufa bila hata kuniaga!"

Akatandika mkeka mbele ya meza ya madiwani, akalala chali, akakunja mikono kifuani.

"Siinuki! Wafiwa watoe kitu. Wafiwa ndio hawa wenye meza!"

Ukumbi ulilipuka. Ilikuwa akili ya hali ya juu, nami leo naiona hivyo: alitaka madiwani watoe ahadi yao kwa kicheko, mbele ya watu wote, ili wasiweze kuirudisha. Mwenyekiti mwenyewe aliingiza mkono mfukoni, akitabasamu. Lakini mjomba hakuwa anacheka. Mtani haji na mkeka kwa mtu aliye hai. Kumlilia mzima ni kumchuria, kumwitia kifo, na mjomba, licha ya shati lake jeupe, alikuwa mtu wa milimani aliyeogopa mikosi. Nilimsikia akisema chini chini, "Maganga, toka. Bado. Haujafa. Toka."

Maganga alikuwa ameshapata kicheko, na msanii aliyepata kicheko hasikii.

"Mnajua nani kamuua?" akauliza akiwa pale chini. "Ni mtumwa wangu huyu, Mloka! Nendeni kibanda cha video nyuma ya soko, siku za kazi, mchana. Yuko benchi la mbele! Anatazama Wachina, mdomo wazi, nzi wanaingia na kutoka! Ukimuuliza, anasema anajifunza kupigana!"

Watu walianguka kwa kucheka. Diwani mmoja akapiga meza, akasema kwa sauti, "Kumbe hata mwenyewe amekimbilia video! Sasa sisi tuezeke paa la nani?"

Ilikuwa kweli. Ndiyo maana iliuma. Uso wa mjomba niliufahamu; nilikuwa nimeuona mara nyingi kabla ya fimbo. Aliinyakua kengele mezani na kuushusha mkono wake, kwa mzunguko ule ule mrefu ulioanzia karibu na kisigino. Nikasubiri mlio wa paja.

Kengele ililia mara moja, mlio mfupi uliokatika. Maganga alikuwa amelala na mikono yake ilikuwa bado imekunjwa kifuani.

Watu walipiga makofi. Nawaambia ilivyokuwa: walipiga makofi na vigelegele, mimi nikiwamo, kwa sababu kwa miaka yote tulikuwa tukiwaona hivyo. Mjomba alipiga tena, na tena, mdomoni, na kila mara sisi tulicheka, hadi mke wa Maganga, aliyekuwa benchi la pili, alipoona meno kwenye mkeka. Sauti aliyoitoa ndiyo iliyotuzindua. Damu ilikuwa inatiririka juu ya majivu, na yale majivu yakawa tope.

Baada ya hapo sina picha moja kamili, nina vipande. Wanyamwezi wa makambi waliinuka kwa pamoja, kwa sababu kumpiga mtani ni kitu kisichowahi kusikika. Unaweza kumpiga mkeo, mwanao, hata hakimu, watu wakatafuta maneno ya kukutetea, lakini mtani hapigwi. Vijana wa kikundi wakasimama kumlinda mjomba. Mabenchi waliyoyaunda wenyewe waliyavunja wakatumia miguu yake kama marungu. Nilisikia mfupa wa mtu ukivunjika, mlio mkavu, karibu nami. Mgambo waliingia katikati bila kuchagua, wakipiga vichwa vya wanawake na wazee. Mama alinilalia juu, akapokea rungu lililokuwa likija, na mkono wake wa kushoto haukunyooka tena vizuri maishani mwake. Mtu aling'ang'ania pazia ili asianguke, likashuka lote na kuwafunika watu, nao wakaendelea kupigana chini yake. Juu, popo walikuwa wametoka wote, wanazunguka mchana kweupe, wakijigonga ukutani.

Tulipofika nje, niligeuka. Mama Chausiku alikuwa amekaa kwenye ngazi, kwenye kigoda cha Mzee Maganga cha kushonea viatu. Damu ilimtoka sikioni na alikuwa akirudia peke yake, "Nilikuwa nimeshakubali. Nilikuwa nimeshakubali."

Kilichofuata hakikuhitaji mjadala. Halmashauri ilikaa yenyewe kwa yenyewe, ikasema ukumbi ni chanzo cha fujo, ikamuuzia tajiri. Mtaro ulichimbwa nusu, ukaachwa. Mjomba alilala mahabusu, akangoja kesi. Lakini Maganga alipopelekwa kituoni kuandikisha maelezo, mdomo umevimba hawezi kusema, alitikisa kichwa. Hakuwa na shtaka. Polisi wakachoka, wakamwachia mjomba.

Aliporudi, mjomba alilia mbele yetu kwa mara ya kwanza. Alilia kwa furaha. "Mnaona?" alimwambia mama. "Amekataa kunishtaki. Mtani ni mtani." Akasema ukumbi si kitu, ukumbi ni matofali, wangesimama hata chini ya mti, yeye na Maganga, na watu wangekuja. Akatafuta jogoo mkubwa, akampata, akaniambia nimbebe, tukaenda kwa miguu hadi Kihonda, ambako Maganga alikuwa na chumba.

Tulimkuta amekaa barazani. Uso ulikuwa umelala upande mmoja. Mjomba hakubisha hodi, kama desturi yao ilivyokuwa. Alisimama uani, akapanua kifua, akapaza sauti ya jukwaani.

"Mtumwa wangu! Hujafa tu?"

Mzee Maganga aliinuka taratibu. Alichukua kiti chake mwenyewe, akakifuta vumbi kwa kiganja, akakisogeza kivulini.

"Karibu, Bwana Mloka," alisema. Maneno yalipita kwa mluzi kwenye mapengo. "Karibu uketi. Habari za nyumbani?"

Mjomba hakuketi. "Nimekuletea jogoo, mbwa wewe! Mle na mifupa!"

"Ahsante sana. Mungu akubariki." Alimwita mkewe aje ampokee jogoo, akaagiza tuletewe maji ya kunywa. Mimi nilimwamkia shikamoo, akaitikia vizuri, akaniuliza nasoma darasa la ngapi.

Mjomba aliendelea. Alimtukana babu yake, akatukana Tabora yote, akatukana chumvi na mchanga wake, kila tusi kwa sauti kubwa kuliko lililopita, hadi majirani wakachungulia. Mara moja alikwama katikati na kumwangalia Maganga, kama mwanafunzi anayengoja mwalimu amalizie sentensi. Na kila mara Maganga aliinamisha kichwa kwa adabu, akasema, "Ni kweli, Bwana Mloka." Tulipoaga, alitusindikiza hadi barabarani, akampa mjomba mkono.

Njiani mjomba alibaki nyuma, akiburuta miguu. Mimi nilikuwa na furaha. Nilitangulia kukimbia nyumbani, nikamkuta mama anakoroga mboga kwa mkono wake mzima, nikamwambia wamepatana, Mzee Maganga hana kinyongo hata kidogo, ametupa kiti na maji, na amezungumza kwa heshima tupu.

Mama akaacha kukoroga. "Amemwita nani?"

"Bwana Mloka."

Alikaa chini, pale pale kwenye majivu ya jikoni, akajishika kichwa kama waliofiwa. Nikadhani ni mkono unamuuma.

Ilinichukua miaka mingi, na ugomvi wangu mwenyewe na watu niliowapenda, kuelewa alichokisikia mama. Maganga alikuwa amemsamehe. Alimsamehe kabisa, kwa moyo safi, jinsi unavyomsamehe mpita njia aliyekukanyaga. Watani hawasameheani, hawajawahi kuwa na haja hiyo. Mjomba alikwenda Kihonda mara nyingi baada ya siku ile, hadi uzee ulipomzuia. Kila alipokwenda alifutiwa kiti, akaitwa Bwana, akaulizwa habari za nyumbani, naye akarudi mapema.